Rolakosta mpya inajengwa: namna ya kuifuatilia kutoka Uganda mpaka siku ya kuipanda

Kila inapotangazwa rolakosta mpya, yaani ile treni ya burudani inayopanda na kuporomoka kwenye reli, mahali fulani duniani, maswali yanayonifikia ni yaleyale. Itafunguliwa lini? Itakuwa na kasi gani? Ile video ya treni inayorudi nyuma ni ajali? Nikate tiketi ya ndege sasa bei ikiwa bado chini? Wanaouliza wako Kampala, Jinja, Arua, Busia, na wengi wao hawajawahi kukaa kwenye kiti cha rolakosta kubwa. Mapenzi yamewaingia kupitia simu, na hayo ni mapenzi ya kweli kama mengine yoyote. Nimeyaweka majibu pamoja hapa ili anayeanza leo asihangaike.

Jambo moja lishike tangu mwanzo, maana hatua zote zinaliegemea: tarehe iliyo kwenye tangazo ni matarajio tu. Habari ya kuaminika iko kwenye eneo la ujenzi, kwenye zege, nguzo, reli na treni. Ukijua kuisoma kazi yenyewe, utajua mashine imefikia wapi hata kama kampuni imekaa kimya, na hutapoteza pesa kwa haraka.

Kabla hujaanza

Huhitaji vitu vingi:

- Simu yenye intaneti. Kompyuta ni nzuri ila si lazima.
- Daftari la karatasi. Nasisitiza karatasi, kwa sababu picha kwenye simu hupotea katikati ya picha nyingine elfu, na utataka kurudi nyuma kuona kazi ilikuwa wapi mwezi uliopita.
- Google Earth, na kurasa za Copernicus Browser (picha za satelaiti za Ulaya, bure).
- RCDB, yaani hifadhi ya kumbukumbu za rolakosta za dunia nzima, iliyoanzishwa mwaka 1996. Hapo utapata urefu, kasi, mtengenezaji na hali ya kila mashine.
- Kikokotoo chenye alama ya kipeuo cha pili (√). Cha kwenye simu kinatosha.
- Futi ya fundi cherehani. Utaihitaji mwishoni, usicheke.

Kuhusu bando: usifuatilie ujenzi kwa video peke yake. Video moja ya dakika ishirini inaweza kumaliza data ya siku nzima, na habari iliyomo ingetosha kwenye picha nne. Tafuta wapiga picha wanaoweka picha za wiki kwa wiki. Video ikibidi, ishushe ubora hadi 240p. Reli inaonekana vizuri tu.

Tena, usitegemee Facebook kama chanzo chako kikuu. Ilifungwa nchini Januari 2021, na bustani nyingi za burudani zina kurasa za YouTube, Instagram na X zinazobeba picha zilezile.

Hatua ya 1: Chagua mashine moja

Anayeanza hutaka kufuatilia kumi kwa pamoja, na baada ya wiki tatu anachanganya nguzo za Marekani na reli za Ujerumani. Chagua moja. Ikiwezekana chagua iliyo mahali ambapo siku moja unaweza kufika kweli. Kwa sisi wa Uganda hiyo humaanisha nchi za Ghuba au Afrika Kusini, kwa sababu kuna ndege za moja kwa moja kutoka Entebbe kwenda Dubai na Johannesburg, na kwa sababu familia nyingi zina ndugu anayefanya kazi upande ule wa Ghuba. Ndugu aliyeko karibu na bustani ana thamani kubwa katika shughuli hii. Mwombe kwa heshima picha moja akipita njia hiyo, usimsumbue kila siku.

Ukipenda mashine ya mbali, ya Ohio au ya Uingereza, hakuna ubaya. Utajifunza mengi zaidi huko kwa sababu wapiga picha ni wengi.

Hatua ya 2: Panga saa zako

Hii inawaangusha watu kuliko unavyodhani. Bustani ya Uingereza ikisema itatangaza saa nne asubuhi kwa saa zao wakati wa kiangazi chao, hapa ni saa sita mchana. Majira ya baridi tofauti inaongezeka kuwa saa tatu. Bustani ya mashariki ya Marekani ikitangaza saa nne asubuhi wakati wa kiangazi, kwetu ni saa kumi na moja jioni. Saudi Arabia saa ni sawa na zetu kabisa. Emirates wako mbele yetu kwa saa moja.

Hatua ya 3: Tafuta karatasi kabla ya chuma

Watu wengi husubiri tangazo. Mpenzi wa kweli hutafuta nyaraka, kwa sababu serikali hulazimisha wajenzi waandike mapema kile ambacho idara ya matangazo inataka kukificha.

Uingereza, bustani lazima iombe kibali cha ujenzi kwa halmashauri ya eneo, na maombi hayo huwekwa wazi kwa umma. Hyperia ya Thorpe Park, kwa mfano, ilijulikana kwa jina la mradi la Exodus kwenye nyaraka zilizopelekwa halmashauri ya Runnymede, zikiwa na michoro na urefu, kabla jina lake lenyewe halijatangazwa. Ilifunguliwa Mei 2024.

Marekani, kitu chochote kinachozidi futi 200 kwenda juu, karibu mita 61, lazima kiripotiwe kwa mamlaka ya usafiri wa anga ya FAA. Kwa hiyo bustani ikijenga kitu kirefu sana, ripoti ya urefu inaweza kuonekana huko kwanza. Majina ya mashine pia husajiliwa kama alama za biashara miezi mingi kabla ya kutangazwa.

Angalizo: jina kusajiliwa hakumaanishi mashine itajengwa. Kampuni husajili majina na kuyaacha yaoze. Andika daftarini "jina limesajiliwa", usiandike "inakuja".

Hatua ya 4: Itazame kutoka angani

Hatua hii naipenda kuliko zote, kwa sababu hapa mtu aliye Mbale anakuwa sawa na mtu anayeishi jirani na bustani.

Fungua Copernicus Browser, tafuta bustani yako, kisha chagua picha za Sentinel-2. Satelaiti hizo hupita juu ya eneo lilelile kila baada ya siku tano hivi. Kila nukta ya picha ni mita 10 kwa mita 10, kwa hiyo hutaona reli, na usijidanganye kwamba umeiona. Utakachoona ni ardhi: miti iliyokatwa, eneo la kijani lililogeuka kahawia, barabara mpya ya malori, paa jipya la stesheni. Hilo ni jingi. Ukiona eneo limebaki na rangi ileile kwa miezi mitano huku tangazo likisema "ujenzi unaendelea kwa kasi", tayari unajua jambo ambalo wengine hawajui.

Google Earth ina picha kali zaidi, ila huchelewa, wakati mwingine kwa mwaka mzima au zaidi. Angalia daima tarehe ya picha kabla hujashangilia. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kuchukua picha ya zamani na kuwaambia wenzake kazi imesimama.

Siku za mawingu picha haitoki. Subiri, baada ya siku tano itapita nyingine.

Hatua ya 5: Soma chuma

Sasa kazi imeanza kweli. Rolakosta karibu zote hujengwa kwa mpangilio unaofanana, na ukiujua huwezi kudanganywa na kichwa cha habari.

Kwanza misingi. Mashimo huchimbwa, vyuma hufungwa, zege humwagwa, na juu ya kila msingi hubaki bolti ndefu zimesimama zikingoja nguzo. Ukipata picha ya juu ya misingi hiyo, iweke alama kwenye Google Earth, moja baada ya moja. Misingi mikubwa iliyokaribiana huashiria kitu kirefu au mahali penye nguvu nyingi, kama chini ya mteremko mkuu. Misingi midogo iliyopangwa kwa mstari mara nyingi ni sehemu ya breki au njia ya kuingilia stesheni. Kwa kalamu na subira unaweza kuchora njia nzima ya reli kabla haijatoka kiwandani.

Kisha reli hufika kwa malori, zikiwa zimepakwa rangi tayari. Hapa tazama umbo lake. Reli mbili zenye umbo la bomba zilizokaa juu ya boriti nene yenye umbo la boksi, na baadaye treni zenye viti vinne kwa safu, mara nyingi ni kazi ya Bolliger & Mabillard wa Uswisi. Reli ya chuma bapa iliyofungwa juu ya fremu ya mbao ya rolakosta ya zamani ni alama ya Rocky Mountain Construction wa Idaho, wanaojulikana kwa kufufua mashine za mbao zilizochoka. Kujua mtengenezaji mapema kunakuambia mengi kuhusu namna utakavyojisikia kwenye kiti. Bolliger & Mabillard wana sifa ya ulaini. Rocky Mountain wanakurusha kutoka kwenye kiti mara nyingi kuliko unavyoweza kuhesabu, na mimi niko upande wao.

Baada ya hapo nguzo husimama. Kreni inainua, mafundi wako juu wanakaza nati, na mlima wa kupandia unakua kipande kwa kipande. Siku kipande cha juu kabisa kinapokaa mahali pake ni sherehe kwa mashabiki wote. Shangilia, ni haki yako. Lakini usikate tiketi. Watu wengi hufikiri mlima ukikamilika kazi imekwisha, kumbe bado.

Kipande cha mwisho cha reli kikifungwa na njia ikawa duara kamili, ndipo kazi isiyoonekana inapoanza: nyaya, vifaa vya kuhisi treni ilipo, kompyuta za kudhibiti, breki, milango ya stesheni, njia za dharura za kuteremshia abiria. Miezi hii haina picha nzuri, na ndiyo inayoahirisha ufunguzi.

Hatua ya 6: Kokotoa kasi mwenyewe

Nadharia ni fupi. Kwenye rolakosta ya kawaida inayovutwa juu kwa mnyororo, treni haina injini. Inapanda, inaachiliwa, na kasi yote inatoka kwenye urefu wa kuporomoka. Kwa hiyo:

1. Chukua urefu wa mteremko mkuu kwa mita.
2. Zidisha kwa 19.6.
3. Tafuta kipeuo cha pili cha jibu.
4. Zidisha kwa 3.6. Umepata kilomita kwa saa.

Jaribu kwa Hyperia, yenye mita 72. Mara 19.6 ni 1,411. Kipeuo cha pili ni 37.6. Mara 3.6 ni 135. Bustani yenyewe inataja karibu 130, kwa sababu hewa na magurudumu vinakula kidogo, na mteremko hauishii kwenye usawa kamili wa ardhi. Ukiona tangazo linadai kasi kubwa kuliko hesabu yako kwenye mashine ya mnyororo, kuna mtu amekosea, na pengine si wewe.

Angalizo kubwa: hesabu hii haifai kwa mashine zinazorushwa. Formula Rossa ya Abu Dhabi ina urefu wa mita 52 tu. Hesabu ingekupa kama kilomita 115 kwa saa, ilhali inakwenda 240, kwa kuwa inasukumwa mbele kwa nguvu za haidroli tangu mwanzo. Abiria huvalishwa miwani ya kukinga macho. Mpaka Falcon's Flight ya Qiddiya, Saudi Arabia, ilipofika na kasi yake ya karibu 250 kwenye reli ya zaidi ya kilomita 4, hakuna iliyoipita.

Hatua ya 7: Subiri majaribio, na ujue unachokitazama

Jaribio la kwanza huwa la taratibu sana. Fremu yenye vipimo vya mwili wa binadamu, mikono ikiwa imenyooshwa, hupitishwa kwenye reli kuhakikisha hakuna nguzo wala ukuta unaoweza kumgusa abiria. Ndiyo sababu ile nguzo inayoonekana kama itakukata kichwa haikufikii: imepimwa.

Halafu treni tupu. Halafu treni yenye uzito: madumu au midoli ya plastiki yenye umbo la kiwiliwili, iliyojazwa maji, imekaa kwenye viti badala ya watu. Hutembezwa tena na tena, mchana na usiku, na moto na baridi, kwa sababu grisi, magurudumu na upepo hubadilisha mwendo. Asubuhi ya baridi treni huenda polepole. Jioni baada ya kutwa nzima ya kazi huenda kasi zaidi.

Hapa ndipo video za kutisha huzaliwa. Treni inashindwa kufika kileleni, inarudi nyuma, mtu anarekodi, na baada ya saa mbili iko kwenye makundi ya WhatsApp ikiwa na maneno "AJALI". Kwenye mashine zinazorushwa kwenda juu ya mnara, kurudi nyuma ni jambo lililopangwa kwenye usanifu wenyewe. Kingda Ka ya New Jersey, iliyokuwa ndefu kuliko zote duniani kwa mita 139 tangu 2005 hadi ilipofungwa 2024, ilifanya hivyo mara kwa mara, na breki za sumaku zilikuwa zimewekwa kwa kazi hiyo hasa. Usisambaze video kabla hujajua ni ya lini na ni ya mashine ipi.

Dalili ya kweli kwamba ufunguzi umekaribia ni hii: treni zaidi ya moja zinazunguka kwa wakati mmoja, zikiwa na uzito, siku baada ya siku, na wafanyakazi wameanza kupanda. Ukiona hayo manne, anza kufikiria safari.

Hatua ya 8: Safari, kwa mpangilio huu na si mwingine

Kwanza pasipoti. Isiwe imebakiza chini ya miezi sita. Kama huna, anza sasa, hata kama mashine bado ni shimo ardhini, kwa sababu safari ya ofisi ya pasipoti ya Kyambogo haipangwi wiki moja kabla ya ndege. Pili kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Tatu masharti ya viza ya nchi husika, kutoka ubalozi wenyewe au mtandao rasmi wa serikali yao, si kwa dalali. Nne, na ni ya mwisho makusudi, tiketi ya ndege na ya bustani.

Usisafiri kwa ajili ya siku ya ufunguzi. Najua inauma kusikia hivyo. Ila mashine mpya husimama mara nyingi katika wiki zake za kwanza. Top Thrill 2 ya Cedar Point, Ohio, ilifunguliwa Mei 2024, ikasimamishwa baada ya siku chache ili mabehewa yarekebishwe, na haikubeba tena watu mpaka 2025. Mtu aliyetoka jirani alirudi nyumbani kwa gari. Fikiria aliyevuka bahari. Falcon's Flight nayo iliahidiwa kwa 2023, ikafunguliwa mwisho wa 2025. Ipe mashine miezi sita ya kutulia, au msimu mzima ikiwa ni ya aina ambayo haijawahi kujengwa kabla. Foleni nayo itakuwa fupi zaidi.

Panga angalau siku mbili kwenye bustani. Upepo mkali au radi husimamisha mashine ndefu, na hakuna anayekurudishia nauli kutoka Entebbe.

Tena chagua bustani yenye mashine nyingine nzuri, ili ile mpya ikigoma safari isiwe bure. Gold Reef City ya Johannesburg ina Anaconda, ambayo hukuning'iniza miguu chini ya reli, na Tower of Terror inayokutumbukiza wima. Abu Dhabi na Dubai ziko karibu kiasi cha kwenda zote kwa safari moja.

Hatua ya 9: Andaa mwili

Toa futi ya fundi cherehani. Mpime kila anayekwenda, bila viatu, akiwa ameegemea ukuta. Mashine kubwa nyingi hutaka kati ya sentimita 120 na 140, na nyingine zina kikomo cha juu pia, karibu 195. Nimeona wazazi wakiahidi watoto jambo ambalo kipimo cha mlangoni kitalikataa. Mpime mtoto nyumbani, umwambie ukweli nyumbani.

Mwenye mimba, ugonjwa wa moyo, presha ya juu, tatizo la mgongo au shingo, au aliyefanyiwa upasuaji karibuni asipande. Mwenye shaka amwone daktari kabla ya kukata tiketi.

Jizoeshe kwa vidogo. Bustani kama Wonder World ya Kansanga hukusaidia kujua tumbo lako linachukuliaje kuzungushwa. Waliopita kwenye mawimbi ya Nile kwa boti za mpira pale Jinja wameshaonja ile hali ya kiti kukuacha ghafla, nao huwa watulivu siku ya kwanza.

Siku yenyewe kula chepesi, saa mbili kabla. Chapati moja na chai yatosha, sahani ya katogo iache mpaka jioni. Kunywa maji, hasa Ghuba. Ukikaa, bana kichwa kwenye egemeo la nyuma na utazame mbele, kule reli inakoelekea. Anayefumba macho ndiye anayetapika, kwa sababu masikio yanasikia mizunguko ambayo macho hayaioni. Kama ni mara ya kwanza kaa katikati ya treni. Ukishazoea nenda safu ya mwisho, ambako mteremko unakuvuta kabla hujawa tayari. Kwangu hakuna kiti kinachoishinda.

Simu, miwani na kofia viache kwenye kabati la kuhifadhia. Kitu kinachodondoka kwa kilomita 130 kwa saa kinaweza kumuua mtu aliye chini.

Kama mashine inaletwa hapa kwetu

Wengine wananiuliza kuhusu mashine ndogo zinazoletwa kwenye bustani za hapa Afrika Mashariki. Furaha ni ileile, na mimi hufuatilia kwa hamu ileile. Kwa kawaida huja kwa makontena hadi Mombasa kisha kwa malori kupitia Malaba au Busia, na hufungwa kwa wiki chache tu badala ya miezi mingi.

Hapa kuna tofauti moja: wewe uko jirani, unaweza kuuliza. Muulize msimamizi nani ametengeneza, mwaka gani, kama ni mpya au imetumika kwingine, nani aliyeifunga, na inakaguliwa kila baada ya muda gani. Kuna kiwango cha kimataifa cha usalama wa mashine hizi, ISO 17842. Uliza kama wanakijua. Mashine iliyotumika si mbaya, kuna mashine za miaka 40 zinazofanya kazi vizuri sana, mradi ina kumbukumbu za matengenezo. Tazama pia kama wanaifanyia mzunguko mtupu kila asubuhi kabla ya kufungua. Asiyetaka kujibu maswali haya, usimpe mwanao.

Mambo yakikwama

Tarehe imeahirishwa na tayari una tiketi ya ndege. Angalia masharti ya kubadilisha tarehe siku hiyohiyo, kabla wengine hawajafanya hivyo. Kama haibadiliki, nenda upande zile nyingine. Usikae nyumbani kwa hasira.

Hakuna picha mpya kwa wiki nyingi. Rudi kwenye hatua ya 4. Angalia pia hali ya hewa ya huko: kaskazini mwa Marekani zege na kreni hupunguza kasi wakati wa theluji, na hakuna lolote baya lililotokea.

Video rasmi ya safari inaonekana ya kasi kuliko hesabu yako. Michoro ya kompyuta mara nyingi huharakishwa. Pima sekunde kutoka kileleni hadi chini, kisha linganisha na video halisi ya mashine ya urefu uleule.

Watu wawili wanataja urefu tofauti. Mmoja anahesabu urefu kutoka ardhini, mwingine anahesabu mteremko. Mashine iliyo kilimani au yenye handaki inaweza kuwa na mteremko mrefu kuliko urefu wake. Andika zote mbili, na kwenye hesabu ya kasi tumia mteremko.

Mashine imesimama ukiwa kwenye foleni. Muulize mfanyakazi kama ni upepo au ni hitilafu. Upepo hupita, kaa. Hitilafu ikiwafanya watu washushwe kwenye mlima kwa ngazi, nenda kwenye mashine nyingine urudi saa moja kabla ya kufunga. Wakati huo foleni hupungua, na ukiwa ndani ya foleni kabla ya muda wa kufunga bustani nyingi hukuruhusu upande.

Woga umekushika mlangoni. Mwambie mfanyakazi wa stesheni, watakuonyesha njia ya kutokea na hakuna atakayekucheka. Simama pembeni, tazama treni tatu au nne zikirudi, uzitazame nyuso za wanaoshuka. Kisha amua.

Kizuizi cha mapajani hakifungi vizuri kwa sababu ya umbo la mwili. Bustani nyingi huweka kiti cha kujaribia nje ya mlango wa foleni. Kitumie kabla hujasimama saa mbili juani. Na kikikataa, usiombe kilazimishwe. Muulize mfanyakazi kama kuna safu yenye viti vya vipimo tofauti, kwa maana baadhi ya treni huwa nazo.